Injini inavuja, shemeji anataka kuishusha yote

Fundi, shikamoo.

Mimi ni mwalimu, naishi Muheza na nafundisha Tanga mjini. Gari ninaloendea kazini ni Corolla 110, injini ya 5A, gia za mkono, aliloniachia marehemu baba. Dashibodi inasoma kilomita 268,000, ingawa baba mwenyewe alikuwa akisema namba hizo anazijua Mungu na aliyemuuzia.

Tangu mwezi wa Ramadhani linavuja oili. Mwanzoni yalikuwa matone mawili matatu. Sasa nikilitoa asubuhi nakuta duara la ukubwa wa kisahani cha chai, na mwenye nyumba ameanza kuniangalia vibaya kwa ajili ya sakafu yake, kwa hiyo natandika kipande cha boksi. Nikisimama kumshusha mtoto, harufu ya oili inayoungua inaingia ndani. Kila wiki mbili naongeza nusu lita. Moshi siuoni, isipokuwa nikiwasha asubuhi linapiga pumzi moja ya bluu halafu basi. Nguvu ni zilezile. Taa ya oili haijawahi kuwaka njiani, na maji ya rejeta hayapungui.

Fundi wangu ni shemeji, mdogo wa mume wangu. Aliingia chini ya gari, akapitisha kidole pale injini inapoungana na giaboksi, kikatoka cheusi kinadondosha. Akasema, "Shemeji, hii ni sili ya nyuma ya krenki. Na ikishafika hapo, injini imechoka." Anataka tuishushe tufanye ovahoo: ringi, beringi, sili za valvu, hedi iende mashine, gasketi seti nzima. Amepiga hesabu ya milioni 1.6 pamoja na vijana wa kumsaidia. Nikiuliza kama hakuna njia fupi, ananijibu kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta.

Fundi wa pili, jirani na shule, hakuinama hata kuangalia. Alisema nisifufue mzee, ninunue injini iliyotumika kutoka Japani kwa milioni 1.3, inafungwa siku moja "na unasahau". Mwalimu mwenzangu ananishauri niweke oili nzito na ile dawa ya chupa ya kuzuia kuvuja, yeye anaitumia mwaka wa pili huu.

Nina laki nane. Laki tano nyingine naweza kukopa kwenye kikoba, lakini hizo tulizipangia ada za watoto mwezi wa kwanza. Shemeji hajawahi kunitoza. Huwa namwachia ya soda, ndiyo maana naona haya kumpinga. Lakini kila nikimuuliza kipi tutaacha, jibu lake ni moja: ukishafungua, unamaliza. Nifungue kiasi gani?

Mwalimu wa Muheza

*

Marahaba, mwalimu. Na pole kwa kuondokewa na baba.

Kwa ulivyoeleza, mimi nisingeishusha hiyo injini. Gari sijaliona, kwa hiyo nitakuonyesha pia namna ya kupata ushahidi kwamba nimekosea, kabla hujatoa hata shilingi ya ovahoo.

Shemeji yako amechanganya mambo mawili. Kuvuja ni ugonjwa wa mpira na gasketi, na mpira huzeeka hata gari likilala uani. Kuchakaa ni ugonjwa wa chuma: ringi, silinda, beringi. Ipo injini kavu kama kikombe kilichofutwa, haidondoshi tone, na ndani imekwisha. Ipo nyingine inalowesha uwanja mzima na ukiipima unakuta inasukuma kama mpya. Tone lililo sakafuni halikwambii hata kidogo ringi zikoje. Na wewe umeniandikia kwamba nguvu ni zilezile, taa haiwaki, maji hayapungui. Hayo si maelezo ya injini iliyochoka.

Sasa kile kidole kilichotoka cheusi. Injini za A kwenye 110, 4A na 5A, zina distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwa plagi, iliyochomekwa mwishoni mwa hedi (sehemu ya juu ya injini), upande wa giaboksi. Inapoingia kwenye hedi inazungukwa na kimpira cha mviringo, chembamba kama utepe wa tambi. Kikikauka kinakuwa kigumu kama plastiki na oili inapita. Inashuka taratibu ukutani mwa hedi, inafika pale injini inapokutana na giaboksi, inaning'inia hapo hapo ambapo sili ya nyuma ya krenki, ule mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, nayo huning'iniza tone lake. Ukiwa umelala chini na tochi mdomoni, yote mawili yanafanana. Nimeona giaboksi zikishushwa kwa kosa la kimpira kinachouzwa hela ya soda mbili. Kukibadilisha kazi yake ni kuweka alama ya mahali distributa ilipokaa, kulegeza bolti zake, kuivuta, kuvisha kipya kilichopakwa oili, na kurudisha kwenye alama ileile ili moto usihame.

Tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, nayo iko juu ya yote hayo. Gasketi yake ikifa, oili inatiririka pembeni na kudondokea ekzosi, na harufu uliyoitaja ndiyo hiyo. Chomoa waya wa plagi mmoja, mulika kwenye shimo. Ukiona plagi imekaa kwenye kidimbwi cha oili, zile sili za mashimo ya plagi nazo zimekwisha, na zinabadilishwa siku hiyohiyo.

Oili hutoka juu ikaenda chini, na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma. Kwa hiyo pale inapodondokea ni mahali pa mwisho pa safari yake. Anayetafuta kwa kuanzia chini atakuta kila kitu kimelowa na atahukumu kila kitu.

Fanya hivi Jumamosi moja. Injini ikiwa baridi, isuguliwe yote kwa mafuta ya taa na brashi, ifutwe kwa matambara mpaka chuma kionekane. Distributa ivishwe mfuko wa plastiki kwanza, na asitokee kijana na bomba la maji ya presha. Ikishakauka kabisa, chukua poda ya mtoto, ipulizie kuzunguka tapeti kava, mguu wa distributa, chini ya kava la belti ya taimingi, ukingo wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Endesha hadi Pongwe urudi. Fungua boneti ukiwa na tochi, anza juu. Poda itakuwa nyeupe kila mahali isipokuwa pale oili ilipopita, itakuwa imechora njia ya kahawia. Fuata njia hiyo kwenda juu mpaka inapoanzia. Rudia baada ya siku mbili, kwa sababu uvujaji mkubwa huficha mdogo.

Kabla ya kubadilisha sili yoyote, kuna kivalvu kidogo cha PCV, hakizidi kidole gumba, kimechomekwa kwenye tapeti kava na mpira wake unakwenda kwenye manifoldi ya hewa. Ndiyo pua ya injini. Kichomoe ukitikise: kizima hulia chaka-chaka. Kikinyamaza kimeziba, na injini iliyozibwa pua hutafuta pa kupumulia, inasukuma oili kwenye kila sili iliyo dhaifu. Hili nililijifunza kwa aibu. Miaka hiyo nilikuwa kijana, nikashusha giaboksi ya teksi moja ya 4A, nikaweka sili mpya ya nyuma, ikavuja. Nikalaumu sili, nikashusha tena ndani ya mwezi uleule, nikaweka nyingine ya bei mbaya, ikavuja. Mzee mmoja aliyekuja gereji kusubiri gari lake ndiye aliyenyoosha mkono akachomoa PCV. Ilikuwa imejaa kitu kama lami. Dereva alinilipa kazi moja tu, na alikuwa na haki.

Baada ya hapo ndipo upime. Kompresheni kwanza, yaani nguvu ya kila silinda ya kubana hewa. Injini iwe ya moto, betri iwe na nguvu, plagi zote nne zitolewe, umeme wa moto na wa petroli ukatwe, mtu akanyage mafuta mpaka mwisho halafu apige stata mpaka sindano ya geji iache kupanda. Kitabu cha kiwanda kwa injini hizi kinataka karibu psi 190 zikiwa nzuri kabisa, isishuke chini ya 142, na silinda zisitofautiane zaidi ya 14. Injini ya umri wa yako ikisoma 170, 168, 172, 165, mwambie shemeji afunge plagi zake, habari ya ringi imekwisha hapo. Silinda ikisoma chini, tia humo kijiko cha chai cha oili upime tena. Ikipanda sana, ringi ndizo zinazopitisha. Isipopanda, tatizo liko juu, kwenye valvu. Mbili zinazopakana zikiwa chini zote, na oili haisaidii, shuku gasketi ya hedi.

Halafu presha ya oili. Taa ya dashibodi huwaka wakati maji yameshafika shingoni, usiitegemee. Mwombe afunge geji ya presha mahali pa swichi ya oili, injini ikiwa ya moto. Kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika isome kati ya psi 36 na 71. Ikiwa humo, beringi za krenki hazina kesi. Na swichi yenyewe ikitolewa iangaliwe, mara nyingi nayo ndiyo inayovuja.

Ile pumzi ya bluu asubuhi ni sili za valvu: usiku oili inajichuruza kwenye miguu ya valvu, ukiwasha inaungua, basi. Ringi zilizokufa zinatoa moshi ukikanyaga mafuta kupanda mlima, haziishii asubuhi. Kwa mwendo wako wa Muheza na Tanga, nusu lita kwa wiki mbili ni kwenye kilomita 700 hivi, na sehemu kubwa yake naamini iko kwenye boksi lako na juu ya ekzosi. Ziba kwanza, halafu uone unaongeza kiasi gani.

Sasa kwenye swali lako lenyewe. "Ukishafungua unamaliza" ni neno la kweli ambalo shemeji amelivuta likapitiliza. Injini ina milango. Ukifungua mlango mmoja, badilisha vyote vilivyo nyuma ya mlango huo, kwa sababu kazi umeshailipia. Lakini usitoboe ukuta kwenda chumba cha pili.

Mlango wa juu ni tapeti kava: gasketi yake, sili za mashimo ya plagi, kivalvu cha PCV na kimpira cha distributa. Hii ni kazi ya asubuhi moja, na ningeianza hata kabla sijajua mengine. Silikoni ipakwe kidogo tu kwenye zile kona za hedi kunakokutana na kepi ya kamshafti, mhimili unaofungua valvu. Ukimwona fundi anazungusha tyubu nzima kama anapamba keki, msimamishe. Inayobanwa kwenda ndani hukatika vipande, vinashuka sampu na kwenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili, na hapo ndipo injini nzima huuawa na dawa ya kuzuia kuvuja.

Mlango wa mbele ni kava la belti ya taimingi. Ufunguliwe ikiwa poda imeonyesha oili ndani yake, au ikiwa hujui belti ilibadilishwa lini, na nahisi hujui. Humo mna sili ya mbele ya krenki, sili ya kamshafti, belti na kitensheni chake. Vyote vinne kwa pamoja. Beringi ya pampu ya maji iguswe kwa mkono, kama inacheza nayo itoke. Kwenye injini hii belti ikikatika valvu hazigongi pistoni, utakwama tu. Lakini kukwama porini jioni na watoto garini ni gharama pia. Ukiamua kufanya sili za valvu wakati wowote, mlango wake ni huuhuu, maana kamshafti lazima zitoke na belti lazima ifunguliwe. Hedi inaweza kubaki mahali pake, valvu zikizuiwa zisidondoke kwa hewa ya kompresa kupitia shimo la plagi. Ila asifanye mtu anayejaribu. Gia ya kamshafti moja ina springi ndani, hufungwa kwa bolti ndogo kabla ya kutolewa, na asiyejua huvunja kamshafti. Kwa pumzi moja ya asubuhi, mimi ningeziacha.

Mlango wa nyuma ni giaboksi, na hapa shemeji nimwambie wazi: hata ikithibitika ni sili ya nyuma ya krenki, inayoshuka ni giaboksi, injini inabaki. Ikishashuka, sili ibadilishwe, gasketi ya kile kibati kinachoishika ibadilishwe, na klachi itazamwe pamoja na beringi yake. Klachi ikiwa imebakiza kidogo, weka mpya, hutalipa kazi hiyo mara ya pili. Apitishe ukucha kwenye krenki pale mdomo wa sili unapogusa. Akisikia mfereji, sili mpya isizamishwe mpaka pale ya zamani ilipokuwa, iachwe milimita moja hivi nje ili mdomo ukae kwenye chuma kisichochimbika. Sili ya zamani aende nayo dukani. Usoni ina namba tatu, kipenyo cha ndani, cha nje na unene, na mwenye duka asimwambie "hii inaingia tu".

Ikiwa vipimo vitanikana, namba ziko 120 na zinapanda ukitia oili, hapo nakubali ovahoo, lakini iwe ya kweli. Bloku ya injini hii ni chuma kinene cha kusubu, inakubali kuchongwa na kuvishwa pistoni za saizi ya juu. Silinda zipimwe kwa geji, krenki ipimwe, ndipo spea zinunuliwe. Ile ovahoo ya ringi mpya ndani ya silinda iliyokuwa yai ni ya kuikataa kabisa: miezi mitatu utarudi palepale, na hela ya kikoba imekwenda.

Injini ya Japani ya milioni 1.3. Corolla 110 zilitoka kiwandani Japani kati ya mwaka 1995 na 2000, kwa hiyo hiyo 5A anayokuuzia ni rika la yako. Mipira yake imekauka miaka ileile, na hakuna aliyekwambia kompresheni yake. Juu ya hapo namba ya injini iko kwenye kadi ya gari, ukibadilisha lazima TRA warekebishe, la sivyo siku ya kuuza utasumbuka. Kuna wakati injini iliyotumika ni jibu zuri, bloku ikiwa imepasuka au krenki imeharibika. Wewe hujafika huko.

Ile ya chupa hulainisha mpira ukavimba kwa muda, na ule usiovuja nao unavimba. Oili nzito sana nayo inachelewa kufika juu asubuhi. Mwalimu mwenzako mwache na bahati yake.

Limebaki la shemeji, ambalo naona ndilo zito kuliko krenki. Umesema humlipi. Yeye ni fundi, anakula kwa spana, na kwa miaka umemwita kuchungulia, kusikiliza, kubana, kwa hela ya soda. Simtuhumu wizi. Lakini mtu asiyelipwa kwa kupima ataona malipo yake kwenye kufungua, hata bila kukusudia. Mwite, mpe chai, mwambie: "Shemeji, safari hii nataka nikulipe kama mteja. Tuoshe, tupime kompresheni na presha ya oili, unitajie bei ya kazi hiyo peke yake." Kama hana geji, mlipie ya kuazima. Usimwambie kuna fundi wa safu amesema yeye kakosea. Na ile methali yake msikubaliane naye wala msibishane. Inasema uzibe ufa, naye anataka kubomoa nyumba, atajionea mwenyewe namba zikitoka.

Laki nane yako, kwa hesabu yangu, ianze kwa kuosha na kupima, iende mlango wa juu, halafu ule mmoja ambao poda itauonyesha. Ya kikoba usiiguse. Namba nne za kompresheni ziandike kwa mpangilio kuanzia silinda ya upande wa belti, kavu na zenye oili, unitumie. Na hilo boksi ulitandike jipya siku ya kuosha, uliandike tarehe pembeni kwa kalamu.